Jua la Wenyewe

Mtu niliyegombana naye kuliko wote tangu nihamie Chanika ni mzee mmoja fundi miwani, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Hatukugombania mpaka, wala kuku, wala maji machafu, mambo ambayo majirani wenye akili zao hugombania. Tuligombania nyota. Nyota yenyewe haina hata jina, ina namba tu, na kwa macho matupu huioni. Mtaa mzima walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Yeye hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Karani, kwa kuwa kazi yangu ni kuingiza taarifa kwenye kompyuta katika ofisi moja ya Gongo la Mboto. Sasa amehama, amerudi kwao Kusini na mkewe, na mimi bado nikipita pale barazani kwake natafuta neno la kumjibu.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo iliyonifanya nimvumilie. Alikata lenzi Kariakoo kwa miaka mingi kabla ya kuhamishia mashine yake ya kusagia kioo nyumbani. Ukimpelekea miwani iliyolegea hakuulizi kitu. Anaishika, anaitazama dhidi ya mwanga, anaguna, anakaza skrubu usiyoijua kama ipo, anakurudishia. Watoto wa shule aliwakatia lenzi bila kudai chochote, ilimradi wakae kimya akiwa kazini. Ukimwambia fremu imekaa karibu sawa, utajuta kufungua mdomo. "Jicho halijui karibu," anakwambia, na anaifungua upya yote. Yeye mwenyewe miwani yake ilikuwa imefungwa waya mkono wa kushoto, na lenzi moja ina ufa pembeni.

"Fundi, unatutia aibu," nilimwambia siku moja. "Fundi miwani gani anavaa hivi?"

"Mie naona, Karani. Nyie ndo hamuoni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Huwezi kumshinda, na huwezi kumnunia kwa muda mrefu, kwa sababu hata habari hana kwamba umenuna.

Alikuja kwangu mara ya kwanza wiki ile ile niliyohamia. Nilikuwa nimetundika taa kubwa getini, ya mwanga mweupe, kwa sababu mume wangu anafanya kazi Morogoro na nyumbani nalala na watoto tu. Jioni nikasikia hodi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja.

"Hiyo taa yako, binti, inamulika nini?"

"Geti, baba."

"Geti si hili hapa chini? Mbona inamulika na mbingu?"

Nikamweleza habari za wezi. Alisikiliza kwa adabu zote, akasema mwizi naye anahitaji mwanga ili aone anachoiba, akaaga. Kesho yake akarudi na kofia ya bati aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga, akapanda kwenye kiti changu cha jikoni na kuivisha taa yangu. Baadaye nikagundua kuwa nusu ya taa za mtaa zilikuwa zimevaa makopo. Waliokataa aliwafuata kila wiki mpaka wakachoka. Umeme ukikatika sisi tunalalamika, yeye unamsikia uani kwake akikohoa kwa furaha huku akipanga vifaa. Sijamjua mtu mwingine Dar es Salaam nzima aliyeupenda mgao. Kitu kimoja tu kilimshinda. Upande wa Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme wa gesi, mbingu ina wekundu usiozimika, na huko hakuweza kupeleka kopo.

Nyota yake ilichomozea upande huo huo. Habari zake aliziokota kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa lenzi dukani Kariakoo, akakihifadhi ndani ya kibweta cha miwani hadi maandishi yakaanza kufutika. Kiliandika kwamba ile ni nyota kama jua letu, haijazidiana nalo sana kwa ukubwa wala kwa joto, ila iko mbali kiasi kwamba mwanga tunaouona leo ulitoka huko zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Ina sayari, kubwa mno, iliyoikumbatia karibu hivi kwamba mwaka wake haufiki siku nne. Kila ikipita mbele ya jua lake, mwanga unapungua kidogo, chini ya sehemu mbili katika mia, kwa muda wa saa tatu hivi, kisha unarudi. Sayari yenyewe huioni. Unaona upungufu tu. Na mwishoni gazeti likasema kwamba hata mtu wa kawaida, kwa kamera ya kawaida na subira, anaweza kuupima upungufu huo. Sentensi hiyo ndiyo iliyomharibia uzee wake, na mimi ikaniharibia wikiendi zangu.

Aliiita jua la wenyewe. Nilimuuliza kwa nini.

"Si letu. Lina watu wake au halina, mie sijui, ila si letu. Unalitazama kwa adabu, unaondoka."

Watoto wa mtaani walimuuliza kila siku kama kwenye ile sayari kuna watu. "Wangekuwepo wangeshaiva," aliwajibu, na wao wakaondoka wanacheka. Wakubwa ndio waliomchosha. Mama mmoja alifunga safari kutoka Mbagala, amesikia Chanika kuna mzee anayeangalia nyota, akataka yake isafishwe kwa kuwa biashara ya mitumba imemgomea. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamkazia miwani yake iliyolegea, akamwambia hiyo ndiyo huduma aliyo nayo. Siku mbili nzima hakuongea na mtu kwa hasira.

Uani alikuwa amesimika nguzo fupi ya zege. Juu yake aliweka mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na skrubu ndefu ya kuzifungua taratibu. Kamera ilikaa kwenye ubao wa juu. Kwa kuwa nyota zinahama, Fundi alikaa kwenye kigoda akiizungusha skrubu kwa mkono. Robo mzunguko, anahesabu hadi kumi na tano, robo tena. Akishaswali Isha anaanza, na saa nne zinapita yuko pale pale, mzee wa umri ule. Picha alizipiga zikiwa na ukungu, makusudi kabisa. Mtu aliyejipatia riziki maisha yake yote kwa kuwaondolea watu ukungu machoni, nyota yake aliipiga ikiwa imetanuka, bonge la weupe lisilo na umbo. Alisema nyota ikiwa kali mno mwanga unajazana sehemu moja na hupimi kitu. Pembeni yake alichagua nyota mbili ambazo mwanga wake haubadiliki, akaziita mashahidi. Jua la wenyewe likipungua na mashahidi wasipungue, basi kweli limepungua. Wakipungua wote watatu, ni wingu au moshi, na usiku huo hauna habari.

Kamera ilikuwa mtumba na ilikuwa na ugonjwa wake. Kila ukitoa betri inasahau tarehe na saa. Kwa hiyo Fundi aliandika tarehe na saa kwenye daftari, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, akirekebisha saa yake ya mkononi kwa taarifa ya habari ya redio. Katika mambo mengine hakuwa mtu wa saa kabisa. Ukimwalika saa nane anakuja saa kumi na moja na anashangaa chakula kimepoaje. Lakini daftari lile lilikuwa na dakika zote.

Mimi niliingiaje humo? Alimkatia binti yangu lenzi, pesa akazikataa, nami sikuwa na cha kumlipa zaidi ya kompyuta. Kila mwisho wa juma nilichukua kadi ya kamera pamoja na daftari, nikapitisha picha kwenye programu ya bure inayopima mwanga, nikaandika tarehe na saa ya kila usiku. Nilianza kwa shukrani, nikaendelea kwa ubishi. Saa nilizigeuza mwenyewe ziwe za Greenwich, maana saa tatu yetu ya usiku kwao ni ya kumi na nane, na nilijivuna kwamba sikukosea hata moja. Saa ndicho kitu ambacho kila karani wa Tanzania anajua kukiogopa.

Mtandaoni kuna ratiba inayoonyesha sayari ile itapita lini, hadi dakika. Nikamchapishia, nikampelekea nikijua nitashukuriwa. Hakutaka hata kuishika.

"Nikishajua lini, Karani, nitaona hata kisichokuwepo. Niache nione kwanza."

"Lakini Fundi, utakaa nje bure siku ambazo haipiti!"

"Basi nitakuwa nimeona kwamba haikupita."

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Niliirudisha ratiba yangu kwenye mkoba nikiwa nimefura. Wala hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza jambo mara ya pili anakutazama kana kwamba umemtukania mzazi. Kwake, kumweleza mtu jambo linalojulikana ni kumdharau. Mimi nami, sisi watu wa Njombe, hatupendi kuonekana hatujui. Tulifanya kazi pamoja misimu miwili na sidhani kama tulielezana mambo kumi.

Na haraka ilikuwepo. Kiwanja cha kaskazini kwake kilikuwa kimenunuliwa na mtu wa mjini, msingi ulishamwagwa, msingi mnene wa ghorofa. Jua la wenyewe kwetu hupita upande huo huo wa kaskazini, na jioni hulipati vizuri ila miezi michache ya mwisho wa mwaka. Kuta zikinyanyuka na taa za ghorofani zikiwashwa, imekwisha. Fundi alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo. Kuna kikundi cha watu wa nje wanaokusanya vipimo vya watazamaji wasiolipwa duniani kote, na wana orodha yao. Alitaka kwenye orodha ile pawepo mstari wa kwake, kwamba kuna mtu aliiona sayari ile ikipita akiwa hapa. Jina lake hakulitaka liandikwe.

"Waandike Chanika, inatosha."

Nilimcheka, Chanika kwenye orodha ya dunia. Hakucheka nami. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lile lilikuwa limemkaa moyoni kuliko alivyoonyesha, na nikaanza kulitaka na mimi.

Mwisho wa msimu wa pili tulikuwa na mabonde manne. Bonde ndivyo tulivyouita ule mstari wa mwanga kwenye mchoro, unavyoshuka, unakaa chini, kisha unapanda. Nilipoliona la kwanza nilipiga kelele ofisini hadi bosi akatoka. Nikayatuma yote kwa kikundi kile, bila hata kuyalinganisha na ratiba, na kuwaandikia barua kwa Kiingereza changu chote. Jibu lilikuja baada ya wiki, nalo lilikuwa la upole, ndiyo maana liliuma zaidi. Michoro ni safi, walisema, ila katika tarehe hizo sayari haikupita. Huenda ni moshi au ukungu, au tumeelekeza kamera kwenye nyota nyingine. Wanashukuru kwa juhudi zetu, lakini hawawezi kuyaingiza.

Hapa najilaumu mpaka leo. Ningekaa chini nikapima kila bonde limeachana na ratiba kwa muda gani, ningeona jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la nne angeliona. Sikukaa. Ofisini kulikuwa na ukaguzi, nilikuwa nimechoka, na moyoni nilishahukumu kwamba mzee kakosea. Nikaenda kwake Jumamosi mchana.

"Wamekataa, Fundi. Hazilingani."

Akaweka chini lenzi aliyokuwa anaisaga. "Hazilingani vipi?"

"Hazilingani tu. Siku hizo sayari haikupita. Wanasema ni moshi."

"Na mashahidi je? Moshi gani unafunika nyota moja unaziacha mbili za pembeni?"

"Sasa mie nitajuaje? Wao ndo wataalamu."

"Nakuuliza wewe. Picha umeziona wewe. Wewe unasemaje?"

Mtaani kwetu watu wanachoma takataka kila jioni, nguo zangu kwenye kamba zinanuka moshi mwaka mzima. Na nilitaka kwenda nyumbani nikalale. "Mie naona ni moshi, Fundi. Tuache tu."

Alichukua lenzi yake, akaitazama dhidi ya mwanga, akaendelea kusaga. Nikaaga, akaitikia kama anavyoitikia mteja.

Wiki hiyo akazing'oa zile mbao kwenye nguzo. Kamera akaifunga kwenye kanga ya mkewe. Msimu uliofuata ulipofika hakukaa nje hata jioni moja, na kuta za ghorofa zikapanda, sakafu ya kwanza, kisha ya pili, huku mimi nikizitazama kwa uchungu nikiwa naanika nguo. Nikimwamkia anaitikia, basi. Kofia za makopo zilianza kudondoka kwenye taa za watu na hakuzirudishia. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia mume wangu kwa simu kwamba sijaona mzee anayesusa namna ile. Mume wangu akaniuliza kama nimemwomba radhi. Nikamuuliza, radhi ya nini?

Mkewe, Bi Mwanaidi, hakuninunia. Jioni moja nilimpelekea kadi ya kipaimara cha binti yangu, akanikaribisha sebuleni na kunimiminia chai. Sebuleni kwao nilikuwa sijaingia zaidi ya mara mbili, mambo yangu na Fundi yaliishia barazani. Fundi alikuwa msikitini. Ukutani palikuwa na kalenda ya kuchana, ile ya karatasi moja kwa kila siku. Adhana ya Magharibi ikalia. Bi Mwanaidi akainuka, na hata kabla hajawasha taa akachana karatasi ya siku ile, akaiweka kwenye kikapu.

"Mama, mbona leo bado haijaisha?" nikamwambia nikicheka.

"Imeisha, mwanangu. Si jua limeshazama? Hii sasa ni kesho."

"Kesho si mpaka asubuhi?"

"Kwenu huko bara. Sie usiku unatangulia, mchana wake unakuja nyuma. Na Fundi nd'o mkali wa hilo. Nilikuwaga nisipochana ananigombeza, maana daftari lake la nyota alikuwa anaandika tarehe akitazama hapa."

Nikaweka kikombe chini. Nilishasikia kwamba watu wa Pwani wanahesabu hivyo, nani hajasikia? Lakini sikuwahi kudhani kwamba mtu anayepima nyota hadi dakika angeandika tarehe kwa hesabu hiyo. Na yeye hakuwahi kudhani kwamba yupo mtu mzima Dar es Salaam asiyejua siku inaanza saa ngapi. Jumanne jioni, jua likishazama, yeye aliandika tarehe ya Jumatano. Mimi nikaiona tarehe ya Jumatano, nikaingiza Jumatano jioni. Kila usiku wake nilikuwa nimeusogeza mbele siku nzima.

Sikumaliza chai. Nilifika nyumbani nikafungua kompyuta, nikaondoa siku moja kwenye kila tarehe. Mabonde manne yakaingia kwenye ratiba, moja baada ya jingine, hakuna lililobaki nje. Nilikaa mezani nikilia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kutoeleza, nikajikasirikia mimi kwa kutouliza, na zaidi nilikasirishwa na lile ghorofa, ambalo lilikuwa limeshaezekwa. Hakukuwa na msimu mwingine wa kurekebisha mambo. Nikawaandikia wale wa nje jioni hiyo hiyo, nikawaeleza kosa ni langu na limetokeaje.

Jibu lilikuja upesi safari hii. Wameyakubali yote manne. Matatu yalikuwa yamekatika, moja halina mwanzo, mawili hayana mwisho, lakini yanafaa. La nne ndilo walilolisifu, kwa kuwa kushuka, kukaa na kupanda vyote vimo. Walisema hawakutegemea kipimo kama hicho kwa skrubu inayozungushwa kwa mkono, na wangependa kuliweka mbele wengine waone.

Nilipofika barazani kwa Fundi asubuhi na kompyuta kwapani, nilimkuta ameipindua mashine yake ya kusagia, anaifungua vipande vipande na kuvitia kwenye sanduku. Walikuwa wanaondoka Alhamisi. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa na haki ya kuambiwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani."

"Nimekuja kukwambia nilikosea. Tarehe nilizikosea mimi."

Nikamweleza yote, kalenda, jioni, siku moja mbele. Alisikiliza bisibisi ikiwa mkononi. Nilipofika kwenye kalenda akaiweka chini.

"Kwa hiyo zilizidi siku moja."

"Siku moja, zote."

"Siku ile ungeniambia siku moja, ningejua hapo hapo."

"Najua."

"Nilikuuliza, hazilingani vipi."

"Najua, Fundi. Naomba unisamehe."

Kwenye ghorofa la jirani mafundi walikuwa wanapiga misumari, na alisubiri wamalize.

"Hao wa nje sikuwa na neno nao," akasema. "Hawanijui, wala hawakukaa na zile picha. Wewe ulikaa nazo. Nikakuuliza wewe, ukasema moshi."

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mzee atakayefurahi. Nikafungua kompyuta haraka, nikaiweka juu ya sanduku, nikamwonyesha orodha. Chanika, mistari minne. Akavaa miwani yake ya waya, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, akasoma neno lile mara nne kwa kidole. Kisha akaniambia nimsomee tarehe za kila usiku, mmoja mmoja, kwa hesabu yangu ya bara. Nikamsomea wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali, usiku ule umeme ulikatika mapema. Wa pili akaukumbuka, na wa tatu. Nilipofika wa nne nikamwambia kwa fahari kwamba hilo ndilo bonde walilolisifu kuliko yote.

"Hilo futa."

Nilidhani hajanielewa. "Fundi, limekubalika. Wanataka kuliweka mbele."

"Nimesikia. Kushuka kwake ni kweli. Kupanda ni kwangu. Mgongo uliniuma nikainuka, goti likagonga ubao. Nyota ikahama kwenye kamera, nikairudisha kwa kukisia. Mwanga wake ukaonekana umepanda, wa mashahidi ukabaki. Sikuandika."

"Kwa nini hukuandika? Wewe unaandika kila kitu!"

"Usiku mzuri vile. Niliona haya, nikasema nani atajua."

"Na hakuna atakayejua, Fundi!" Sauti ilinitoka kubwa hadi Bi Mwanaidi akachungulia dirishani. "Ni mie na wewe tu. Unaondoka Alhamisi, ghorofa lile limeziba kila kitu, hutalipata jingine. Waachie hilo moja."

"Wewe ulikosea, umekuja umesema. Na mie nimekosea, nasema. Andika."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti kwenye saruji, kompyuta juu ya sanduku la mashine, machozi yananitoka na sikuyafuta. Niliandika kwamba tunaomba usiku wa nne uondolewe, kwa kuwa kamera iligongwa katikati ya kipimo na kosa hilo halikuandikwa. Akanitaka nimtafsirie neno kwa neno. Nikamtafsiria. Akachukua bisibisi yake.

"Hapo kwenye kosa," akasema, "andika ni la Fundi. Wasije wakadhani ni lako tena."